Uume Uliopinda Ukubwani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kukubali Kisu

Operesheni ya kunyoosha uume uliopinda ipo, na wanaume wengi waliofanyiwa wamerudi kwenye unyumba wao. Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi mapema ni kwamba kila aina ya operesheni hii hudai kitu zaidi ya fedha. Moja hula urefu, nyingine huhatarisha nguvu za kusimama, na ya tatu huondoa kabisa njia ya asili na kuweka kifaa mahali pake. Anayeingia kwa daktari akiuliza tu "utanyooka?" ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni hii: nitatoa nini ili unyooke, na je, ninacho cha kutoa?

Tunamzungumzia mwanamume ambaye ujanani alikuwa sawa, kisha ukubwani, mara nyingi akiwa kwenye miaka ya hamsini lakini wakati mwingine mapema zaidi, akaona uume ukisimama unaelekea juu, kando au chini kuliko zamani. Kijana ambaye uume wake umepinda tangu balehe ana hali nyingine: hana kovu ndani, mpindo wake haubadiliki, na hana haja ya kusubiri utulie. Na mwenye mpindo mdogo usiomzuia kufanya tendo la ndoa wala kumuumiza mwenzake hana ugonjwa wa kupasuliwa. Uume ulionyooka kabisa ni nadra kuliko wanaume wanavyodhani.

Kupinda huku kwa ukubwani huitwa ugonjwa wa Peyronie, kwa jina la François Gigot de La Peyronie, mpasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeuandika mwaka 1743. Si saratani, hauambukizwi, na hautokani na zinaa. Tunalisema hili mwanzoni kwa sababu wanaume wengi hukaa kimya miaka mizima wakiogopa mojawapo ya hayo matatu, na wake zao wakishuku la tatu.

Ndani ya uume mna mirija miwili inayojaa damu wakati wa kusimama, kila mmoja ukiwa umezungushiwa ganda imara linalotanuka. Ganda hilo hupata majeraha madogo, hasa uume ukikunjika katikati ya tendo, na mara nyingi mwenyewe hata hakumbuki. Kwa watu wengi jeraha hupona likaisha. Kwa wengine, kwa sababu zinazohusiana kwa sehemu na urithi, panabaki bamba la kovu gumu ambalo mtu hulipapasa kwa kidole akadhani ni uvimbe. Fikiria tyubu ya baiskeli iliyogandiwa na solusheni upande mmoja. Ukiijaza upepo, upande ule hautanuki, nao ule mwingine unatanuka, basi tyubu inapinda kuelekea palipoganda. Uume hufanya hivyohivyo: huelekea upande wenye kovu. Kwa kuwa kovu mara nyingi hukaa upande wa juu, wengi hupinda kwenda juu.

Wenye kisukari, wavutaji sigara, waliofanyiwa operesheni kubwa ya tezi dume na wenye vidole vya mkononi vinavyojikunja taratibu kuelekea kiganjani hupatikana na hali hii zaidi. Ukienda kliniki kwa ajili ya uume na daktari akaanza kwa kukushika viganja, usishangae. Anatafuta ule ugonjwa wa vidole, kwani mara nyingi hutembea pamoja na huu. Na kama hujapima sukari muda mrefu, hii ndiyo nafasi.

Ugonjwa wenyewe una vipindi viwili, na madhara mengi ya operesheni huanzia pale vinapochanganywa. Kipindi cha kwanza ni cha moto: uume unauma ukisimama, na mpindo unabadilika mwezi hadi mwezi. Hudumu kati ya miezi 6 na 18 hivi. Kisha maumivu huisha, kovu hukomaa, mpindo ukabaki ulipo. Ukipasuliwa wakati kovu bado linajengeka, kinachonyooshwa leo huweza kupinda tena mwezi ujao, tena kwa namna mpya ambayo mpasuaji hakuipangia. Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa mkojo Ulaya na Marekani hutaka hali iwe imetulia, bila maumivu na bila mabadiliko, kwa angalau miezi 3, jambo ambalo kwa kawaida hufikiwa baada ya mwaka mmoja hivi tangu dalili za kwanza. Daktari akikupangia tarehe ya theatre wiki chache tu baada ya kuona dalili, muulize kwa adabu haraka hiyo ni ya nini.

Kuna tofauti moja, na hii ni dharura. Kama katikati ya tendo umesikia mlio wa kitu kuvunjika, uume ukalala papo hapo, ukavimba na kuwa wa zambarau, ganda limepasuka. Hapo usisubiri hata siku. Nenda hospitali usiku huohuo, lishonwe ndani ya saa 24 ikiwezekana. Wanaolala nayo kwa aibu ndio wanaorudi baadaye na kovu na mpindo.

Je, hauwezi kujinyoosha wenyewe? Maumivu, ndiyo, karibu kwa kila mtu huisha yenyewe. Mpindo ni habari nyingine. Katika uchunguzi mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wanaume waliofuatiliwa bila tiba kwa mwaka na zaidi waligawanyika hivi: takriban 12 kwa 100 walipata nafuu, 40 walibaki walivyo, na 48 walizidi kupinda. Wanaobahatika wapo, lakini si wa kutegemea.

Katika miezi ya kungoja, kazi yako ni ndogo lakini ina maana. Dawa ya maumivu ya kawaida, kama ibuprofeni, husaidia kama tumbo na figo zinaruhusu. Sukari idhibitiwe, sigara iachwe. Mitindo ya tendo inayokunja uume au kuuweka chini ya uzito wa mwenzako ipumzishwe. Zipo pia mashine za kuvuta uume taratibu, zinazovaliwa kila siku kwa miezi kadhaa. Kwa mwenye subira hupunguza mpindo kidogo na kusaidia kulinda urefu, lakini zitumike kwa maelekezo ya daktari. Vitamini E, ambayo bado huandikwa kwa mazoea, haijathibitika kunyoosha chochote. Mawimbi ya mshtuko yanayotangazwa na kliniki za mijini hupunguza maumivu, basi, mpindo hayaugusi. Sindano ya kolajenesi, kimeng'enya kinacholainisha kovu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa mipindo ya kuanzia digrii 30, na wapo inaowasaidia kukwepa kisu. Ni ghali, huweza kusababisha ganda kupasuka, na katika soko la Ulaya iliondolewa na kampuni yake yenyewe, kwa hiyo usitarajie kuikuta kirahisi katika hospitali zetu.

Halafu kuna vibao vya nguzo za umeme: nguvu za kiume, kurefusha, kunyoosha, piga namba hii. Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye ganda lenye kovu. Baadhi ya vidonge na kahawa za "asili" zimewahi kukutwa na sildenafili ndani yake bila kutajwa, na dawa hiyo ikikutana na dawa za moyo za aina ya naitreti inaweza kuangusha presha hadi kifo. Kibaya zaidi ni kunyooshwa kwa nguvu ya mikono. Huko ndiko kupata kovu la pili juu ya la kwanza.

Sasa tuseme mwaka umepita, hali imetulia, na tendo la ndoa halifanyiki au linamuumiza mmoja wenu. Anayekuhusu ni daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Kwa Tanzania njia ya kawaida ni rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda ya mkoa, kisha ya kanda au ya taifa. KCMC Moshi na Muhimbili wana wataalamu wa fani hii, na kwa Kenya Hospitali ya Taifa ya Kenyatta vilevile. Lakini bingwa wa mkojo si lazima awe amezoea operesheni hii. Wengi wao siku nzima wako kwenye tezi dume na mawe ya figo. Muulize amefanya ngapi. Daktari mzuri hukasirika mara chache kwa swali hilo, na anayekasirika amekujibu.

Nenda na picha. Piga mwenyewe nyumbani uume ukiwa umesimama, kutoka juu na kutoka kando, kwa simu yako, na uzifiche mahali ambapo mtoto anayeomba simu acheze gemu hatazikuta. Hakuna daktari anayeweza kupima mpindo kwenye uume uliolala. Hospitali yenye vifaa itakuchoma sindano ya kuusimamisha palepale, ipime mpindo kwa digrii, na kuangalia kwa ultrasaundi jinsi damu inavyoingia na kutoka. Ukisimama kwa sindano hiyo na usilale baada ya saa 4, rudi hospitali bila kuchelewa. Hii ni dharura nyingine ambayo aibu huigeuza ulemavu.

Kipimo cha pili ni cha maneno, na huamua zaidi kuliko mashine: uume wako unasimama vizuri? Si kunyooka, kusimama. Jibu ukweli. Ukimdanganya daktari hapa, atakuchagulia operesheni ya mtu mwingine.

Kipimo cha tatu ni urefu. Uume uvutwe ukiwa umelala, upimwe kwa rula kutoka mfupa wa kinena hadi kichwani, na namba iandikwe kwenye faili mbele yako. Ugonjwa wenyewe hufupisha uume kabla kisu hakijagusa kitu, na mwanamume huwa anakumbuka urefu wake wa miaka ya 20. Bila namba hiyo, baadaye kila sentimita iliyopotea atabebeshwa mpasuaji, na pengine si zake zote.

Baada ya hapo ndipo uchaguzi. Njia ziko tatu.

Ya kwanza, na ndiyo inayowafaa wengi, ni kufupisha upande mrefu. Kovu lenyewe haliguswi kabisa. Mpasuaji huenda upande wa pili, ule uliotanuka, akaupunguza kwa kushona hadi ulingane na ule mfupi. Reed Nesbit wa Michigan alichapisha mwaka 1965 namna ya kukata vipande vidogo vya ganda na kushona palipokatwa, akiwalenga waliozaliwa hivyo. Mwaka 1979 John Pryor na mwenzake wakaonyesha London kwamba inafaa pia kwa ugonjwa huu wa ukubwani. Siku hizi wengi hawakati hata ganda. Hulikunja tu kwa nyuzi imara zisizoyeyuka, kama Tom Lue wa San Francisco alivyoeneza kwa mbinu yake ya nukta 16. Wakati wa operesheni uume husimamishwa kwa sindano au kwa maji ya chumvi, ili mpasuaji aone ananyoosha kiasi gani kabla ya kufunga fundo.

Njia hii huchaguliwa mpindo ukiwa chini ya digrii 60 hivi, uume hauna kiuno kilichobonyea mfano wa saa ya mchanga, urefu unatosha na nguvu za kusimama zipo. Faida yake kubwa ni usalama. Asilimia kubwa ya wagonjwa hunyooka, na nguvu za kusimama aghalabu hubaki kama zilivyokuwa. Kwa wanaopinda kuelekea juu, kazi hufanyika upande wa chini, mbali na mishipa ya fahamu ambayo hupita juu, kwa hiyo hisia haziguswi sana. Malipo yake ni urefu. Kwa kawaida ni sentimita moja au mbili, na mpindo ukiwa mkubwa zaidi hasara nayo huongezeka. Hakuna mpasuaji mwenye mkono mwepesi kiasi cha kukwepa hesabu hiyo, kwa sababu upande mrefu umeletwa chini kwenye kipimo cha mfupi. Wengine pia hupapasa mafundo ya nyuzi chini ya ngozi, nao huudhika. Muulize daktari kama atayazika.

Ya pili ni kurefusha upande mfupi. Hapa mpasuaji hulichana kovu au kuondoa sehemu yake, uume ukafunguka, kisha tundu lililobaki likazibwa kwa kiraka cha tishu. Huwafaa wenye mpindo wa zaidi ya digrii 60, wenye kiuno kilichobonyea, au wale ambao uume umeshafupika kiasi kwamba kupunguza tena kungeleta kesi nyumbani. Urefu huokolewa zaidi, ingawa nao hauna dhamana, kwa kuwa viraka husinyaa. Lakini bei ni nzito. Kovu likiwa upande wa juu, mishipa ya fahamu lazima ibanduliwe kwanza, na kichwa cha uume huweza kuwa na ganzi kwa miezi, kwa wachache daima. Isitoshe, kiraka hakishiki damu sawa na ganda la asili. Baadhi ya wanaume, na hasa waliokuwa tayari wanasuasua kabla, hutoka wamenyooka lakini hawasimami vya kutosha. Viwango vya tatizo hili vinatofautiana mno baina ya hospitali, lakini kwa ujumla viko juu kuliko vya njia ya kwanza. Hii si operesheni ya mtu mwenye kisukari kilichokwishapunguza nguvu zake.

Kuhusu kiraka kuna swali ambalo vitabu vya kigeni hulipita haraka, na kwetu halipitiki: kimetoka wapi? Baadhi ni utando wa moyo wa ng'ombe. Baadhi hutengenezwa kwa utumbo mwembamba wa nguruwe. Vipo vinavyotumia kolajeni ya farasi. Mwislamu ana haki ya kujua kabla ya kutia sahihi, na Mhindu naye kwa kile cha ng'ombe, si kusimuliwa wakati wa kutolewa bandeji. Kama hutaki cha mnyama, mwambie daktari wiki kadhaa kabla. Mshipa wa vena kutoka mguuni mwako au utando wa ndani ya shavu lako hufanya kazi hiyo pia, ila unaongeza kidonda cha pili na muda wa theatre.

Njia ya tatu ni ya mwanamume ambaye uume umepinda na pia hausimami hata kwa vidonge au sindano. Kumnyoosha tu ni kumpa kitu kilichonyooka kisichotumika. Huyu huwekewa kipandikizi ndani ya mirija yote miwili. Kipo cha fimbo zinazokunjika, ambacho huwa kigumu wakati wote na mtu hukishusha kwa mkono akivaa suruali. Ni rahisi zaidi, hakina cha kuharibika sana, na kwa mtu mwenye mikono isiyo na nguvu ni bora. Kipo pia cha kujaza maji, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1973: mitungi miwili ndani ya uume, pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani, na mfuko wa maji tumboni chini. Ukiminya pampu unasimama, ukibonyeza kitufe chake unalala. Baada ya kukiweka, mpasuaji anaweza kuukunja uume kwa mkono kinyume cha mpindo kwa sekunde 90 hivi ili kovu liachie. Steven Wilson na John Delk waliieleza mbinu hiyo mwaka 1994, na bado inatumika. (Mpasuaji hufanya hivyo kifaa kikiwa ndani na mgonjwa akiwa kwenye ganzi. Usiichukue kama ruhusa ya kujaribu nyumbani.)

Mkojo, hisia na kumwaga havibadilishwi na kipandikizi. Urefu hakiuongezi. Maambukizi ni hatari yake mbaya. Kwa vifaa vya sasa vyenye dawa hutokea kwa watu wachache kwa kila 100, zaidi kwa wenye sukari isiyodhibitiwa, na yakitokea mara nyingi kifaa chote hutolewa. Pia ni mashine, na mashine huchakaa. Vingi hudumu miaka 10 na zaidi, halafu huhitaji kubadilishwa. Juu ya yote, hakuna kurudi nyuma: tishu za kusimama kwa asili huwa zimesukumwa kando, na kifaa kikitolewa hazirudi kufanya kazi. Bei ya kile cha pampu ni kubwa kwa kipato chochote cha hapa. Kabla hujakubali, peleka karatasi ya makadirio kwenye bima yako, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, upate jibu la maandishi juu ya wanacholipa na wasicholipa. Jibu la mdomo la dirishani si jibu.

Katika kliniki ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, nenda na mke wako kama mnaelewana. Wanawake wengi huwa wameumia kwa muda mrefu wakati wa tendo na hawakusema, na mara nyingine yeye haoni tatizo kubwa kiasi kile ambacho mwanamume amekidhania. Kuna ndoa zilizokwepa kisu baada ya mazungumzo ya nusu saa. Na kama umekuwa ukikesha, huli, huna hamu na chochote, liseme pia. Katika tafiti za Marekani karibu nusu ya wagonjwa hawa walikuwa na dalili za sonona, na sonona hainyooki kwa operesheni ya uume.

Kisha muulize daktari atakuwa ameridhika ukibaki na mpindo wa kiasi gani. Akisema "sifuri", amekuahidi kisichoahidika. Lengo la kazi hii ni uume unaoingia bila maumivu, na mpindo uliobaki wa digrii 10 au 20 kwa kawaida huhesabiwa kuwa mafanikio.

Matayarisho ni ya kawaida, ila mambo mawili yanasahaulika. Dawa za kufanya damu iwe nyepesi, kama aspirini na wafarini, zisimamishwe au zibadilishwe, lakini kwa amri ya daktari tu, kwa sababu ziliandikwa kwa sababu. Na ambaye hajatahiriwa aambiwe mapema: ngozi ya uume mara nyingi hukatwa kuzunguka chini ya kichwa na kuvuliwa nyuma, na wapasuaji wengi huondoa govi hapohapo ili lisivimbe. Operesheni yenyewe hufanywa kwa ganzi ya mgongo au nusu kaputi. Ya kufupisha huchukua saa moja au mbili na wengine hurudi nyumbani siku hiyohiyo, wakati ile ya kiraka na ya kipandikizi hulaza mtu siku moja au zaidi, pengine na mpira wa mkojo hadi asubuhi.

Siku za kwanza uume huvimba na kubadilika rangi hadi korodani. Inatisha kuangalia, na kwa kawaida si kitu. Bandeji hutolewa baada ya siku moja au mbili. Nyuzi za ngozi huyeyuka zenyewe kwa wiki mbili au tatu, usizing'oe. Usiku uume utasimama wenyewe na kuuma. Hiyo ni damu inayopita, ishara njema hasa baada ya kiraka. Amka, kojoa, tembea chumbani, itapita. Kazi ya mezani huwezekana baada ya wiki moja au mbili. Kubeba mizigo, kupanda baiskeli na kukaa kwenye bodaboda kutwa nzima kusubiri wiki 4 hadi 6. Tendo la ndoa na kujichua, wiki 6 kwa uchache, na kwa kipandikizi hadi daktari akufundishe pampu. Wapo wanaovunja sharti hili mapema, na nyuzi zikiachia, mpindo hurudi siku hiyo.

Kwa waliowekewa kiraka, baada ya wiki mbili hivi daktari huwaelekeza kuuvuta na kuukanda uume taratibu kila siku, na mara nyingi huwapa kidonge kidogo cha kuleta damu wakati wa usiku. Wengine huongeza ile mashine ya kuvuta. Ni kazi ya miezi, ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha kiraka kilichosinyaa na kilichotanuka.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe kama una homa, usaha, damu isiyokoma, mkojo usiotoka, kichwa cha uume kinachokuwa cheusi na baridi, au, kwa mwenye kipandikizi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua na ngozi inayong'ang'ania kwenye pampu.

Kwenye kliniki ya marudio, miezi mitatu baadaye, nenda tena na picha kama za mwanzo, na urefu upimwe kwa rula ileile. Ganzi ya kichwa cha uume bado ina nafasi ya kuondoka hadi mwaka, kwa hiyo iandikwe na ifuatiliwe. Kama unasimama hafifu kuliko zamani, sema hapohapo na ujaribiwe dawa mapema. Mpindo ukirudi kwa kiasi cha kuzuia tendo, pima kwanza kama kovu jipya linajengeka upande mwingine, maana theatre ya pili kwenye ugonjwa ulioamka ni hasara juu ya hasara.